Mbegu Kabla ya Bonasi: Bustani ya Nyumbani katika Nchi ya Chai

Uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu uliofanywa nchini mwaka 2014 ulipima urefu na uzito wa watoto wa chini ya miaka 5 katika kaunti zote 47. Kwa Kenya nzima, watoto 26 katika kila 100 walikuwa wamedumaa, yaani wafupi kuliko umri wao unavyopasa. Kericho walikuwa karibu 29. Bomet walikaribia 36. Turkana, kaunti ya ukame na jua kali, walikuwa 24. Hesabu hizo hazisemi kwamba mtoto wa Turkana alikula vizuri kuliko wa Bomet. Ukondefu, ambao ni dalili ya njaa ya papo hapo, ulikuwa mkali zaidi kule kaskazini, tena kwa mbali sana. Udumavu una habari yake nyingine. Hutokana na miezi na miaka ya chakula cha aina moja, kinachojaza tumbo pasipo kuujenga mwili, pamoja na maradhi ya kurudiarudia. Tangu wakati huo hali imepata nafuu, na uchunguzi wa 2022 ulikuta udumavu kitaifa umeshuka hadi asilimia 18. Lakini swali la 2014 lingali linatudai jibu. Vilima hivi vya Kericho hupata mvua ya milimita 1,400 hadi 2,100 kwa mwaka, na ni nadra mwezi kupita bila tone. Udongo ni mwekundu, una kina na hushika maji. Imekuwaje katika nchi ya namna hii mtoto akose mboga?

Udumavu una sababu nyingi, na sitadai kwamba ninazijibu zote leo. Nitaishughulikia moja tu, kwa kuwa imo mikononi mwetu wenyewe. Bustani ya nyumbani katika nchi ya chai imeachiwa masalio: masalio ya ardhi baada ya chai kupandwa hadi mlangoni, masalio ya muda baada ya majani kuchumwa, na masalio ya fedha baada ya madeni kulipwa. Kampeni nyingi hushughulikia ardhi na muda, zikatufundisha bustani ya gunia, ya ghorofa na ya kando ya ukuta. Mimi natetea jambo lililo nyuma ya hayo yote. Bustani haitategemewa na familia mpaka iwe na mbegu yake yenyewe, iliyovunwa humo humo na kuhifadhiwa ndani ya nyumba hiyo. Bustani inayongoja mbegu ya kununuliwa inangoja pesa, na pesa katika nchi hii ina kalenda isiyolingana na kalenda ya mvua.

Tuitazame kalenda hiyo. Mkulima anayepeleka majani kwenye viwanda vilivyo chini ya KTDA, wakala wa chai ya wakulima wadogo, iwe Momul au Litein upande wa Kericho, au Kapkoros na Mogogosiek upande wa Bomet, hulipwa kwa njia mbili. Kila mwezi hupata malipo ya kilo alizopeleka, na hesabu za mwaka zikishafungwa Juni hungoja bonasi, ambayo kwa kawaida huja Oktoba. Malipo ya mwezi ni madogo, na kabla hayajafika mkononi yameshawahiwa na makato ya mbolea, ujira wa wachumaji na daftari la dukani. Bonasi ndiyo pesa ya maana. Huingia Oktoba, hulipa madeni ya mwaka, huvuka Desemba kwa shida, na Januari shule zinapofunguliwa karo humaliza kilichobaki. Mvua za masika zinapobisha hodi Februari na Machi, wakati mbegu inahitajika ardhini, mfuko wa nyumba uko mtupu kuliko wakati mwingine wowote. Anayekosa mbegu miezi hiyo hawezi kuifidia Oktoba. Ndiyo maana nasema kopo la mbegu kabatini ni akiba ya aina ambayo fedha haiwezi kuiiga: humfikia mwenyewe kwa wakati wake, na haikatwi wala haicheleweshwi.

Mwanauchumi atasimama na kusema kwamba ekari ya chai ina faida kuliko ekari ya mboga, kwa hiyo heri mtu auze chai anunue mboga. Hoja hiyo ina nguvu, na kwa vizazi viwili imejenga nyumba nyingi na kusomesha watoto wengi. Sina nia ya kumwambia mtu ang'oe kichaka hata kimoja cha chai. Lakini hoja hiyo inachukulia kwamba bei ya chai iko karibu na mkulima, ilhali iko mbali sana naye. Chai ya Kenya huuzwa kwa mnada, ulioanza Nairobi mwaka 1956 na kuhamia Mombasa 1969, na bei yake hunenwa kwa dola. Machi 2025 serikali ya Sudan, ikiwa katikati ya vita na mgogoro wa kidiplomasia na Nairobi, ilipiga marufuku bidhaa za Kenya, na soko kubwa la chai yetu likafungwa kwa amri ambayo hakuna mkulima wa Kapkatet, hapa Kericho, aliyeulizwa kuihusu. Bonasi ya viwanda vya magharibi mwa Bonde la Ufa nayo imekuwa chini ya ile ya mashariki mwaka baada ya mwaka, jambo lililoleta malalamiko makali na maandamano. Kwenye mashamba makubwa, mashine za kuchumia zimechukua nafasi ya mikono, na ghasia za Mei 2023, mashine zilipochomwa moto, zilionyesha jinsi uchungu wa kukosa kibarua ulivyofika. Faida ya ekari ya chai ni wastani wa miaka mingi. Chakula cha mtoto hakina wastani, kwa maana huliwa leo.

Zaidi ya hayo, bustani ninayoizungumzia haishindanii ardhi na chai. Robo ya robo ekari, ikiwa karibu na zizi na karibu na maji ya jikoni, inatosha kuipa familia mboga za majani mwaka mzima katika mvua ya Kericho. Shida kubwa ni uchachu wa udongo. Chai hupenda udongo mchachu, wa pH 4.5 hadi 5.8, na mbolea ya 26:5:5 tunayoiweka mwaka baada ya mwaka huuongeza uchachu huo. Maharagwe na kabichi hudhoofika hapo. Jivu la jikoni, ambalo nyumba nyingi hulitupa, hupunguza uchachu na kuongeza potasiamu. Samadi iliyooza vizuri hukamilisha kazi. Pahali palipokuwa na chai jana pasitegemewe mwaka wa kwanza. Kwenye mvua ya mawe, ambayo nchi hii inaijua kuliko nchi nyingi duniani, mboga za kienyeji zinazochipua upya kutoka kwenye shina hupona haraka, wakati kabichi iliyopasuliwa kichwa haina la kufanya.

Mboga hizo tunazijua. Saga, ambayo Wakipsigis huiita isagek na pwani huitwa mgagani. Managu. Nderema, inayotambaa kwenye ua na kuvumilia kivuli. Terere, kunde, majani ya maboga. Shambani kulikuwa na wimbi, unga wa kimyet, ugali wa Wakipsigis, kabla mahindi hayajatawala katika miaka ya ukoloni, mashamba makubwa ya chai yalipohitaji posho ya kulisha vibarua na Wakipsigis wakawa wauzaji wa mahindi. Mboga hizi zina madini ya chuma, vitamini A na protini zaidi kuliko kabichi, na ndizo zinazokosekana katika sahani ya ugali na chai. Na zina sifa nyingine ambayo haitajwi inavyostahili, nayo ni kwamba mbegu zake ni rahisi kuhifadhiwa na mtu wa kawaida. Mwaka 2020, wakati wa korona, serikali ilianzisha mpango wa bustani milioni moja za nyumbani. Ulikuwa mpango wa nia njema. Lakini mpango wowote unaogawa miche na pakiti za mbegu bila kufundisha jinsi ya kuvuna mbegu umepanga kurudi tena mwakani, na kama haurudi, bustani inakufa na msimu wake.

Naomba nikae kidogo kwenye kazi yenyewe, kwa sababu hapa ndipo hoja inaposimama au kuanguka. Kosa linaloharibu mbegu nyingi za nyumbani ni kuvuna kwenye mmea uliobahatika kubaki. Saga iliyochanua mapema kuliko nyingine, ile ambayo hakuna aliyeichuma kwa kuwa majani yake yalikuwa machache, ndiyo huachwa ikauke, na mbegu zake ndizo hupandwa. Ukifanya hivyo misimu mitano, umejichagulia saga inayochanua mapema na kutoa majani machache, kisha utasema mbegu ya nyumbani imechoka. Mbegu haikuchoka; ilichaguliwa vibaya. Njia iliyo sahihi ni kuiteua mimea ya mbegu mapema, wakati bado ni michanga: yenye majani mapana, yenye afya, inayochelewa kuchanua. Ifungwe kitambaa, na tangu siku hiyo isichumwe. Maganda ya saga yavunwe yanapoanza kuwa ya manjano, kabla hayajapasuka na kumwaga. Mbegu mbichi ya saga hulala. Ikipandwa mara moja huota kwa kusuasua, ila ikikaa kavu miezi kadhaa huamka. Mbegu iliyovunwa Septemba itakuwa tayari Machi, kwa hiyo mmea wenyewe umejipangia muda unaotufaa. Managu iliyoiva hukamuliwa ndani ya maji, nyama huelea, mbegu nzuri huzama, nazo huoshwa na kuanikwa kivulini. Maharagwe hujichavusha yenyewe, kwa hiyo aina mbili zikipandwa karibu hazichanganyiki kwa urahisi, na hayo ndiyo mwalimu mzuri wa anayeanza. Kinachotakiwa ni kutupa kila ganda lenye madoa, kwani magonjwa ya madoa husafiri ndani ya punje. Wimbi nalo hujichavusha. Boga ni kigeugeu: nyuki hulichanganya na la jirani, na atakaye aina safi sharti apatane na jirani. Sukuma wiki huku kwetu huongezwa vizuri kwa machipukizi ya shina lililozeeka.

Adui wa mbegu katika nchi ya chai ni unyevu wa hewa. Watafiti wa mbegu wana kanuni iliyotolewa na Harrington, kwamba kila unyevu wa mbegu unapopungua kwa asilimia 1, maisha yake ghalani huongezeka karibu mara mbili. Wazee waliotundika masuke juu ya meko, kwenye moshi na joto la kila siku, walikuwa wakitekeleza kanuni hiyo. Kwa nyumba ya leo isiyotundika masuke juu ya meko, chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, mbegu iliyoanikwa siku nyingi kivulini, na jivu kavu lililochekechwa na kuchanganywa na maharagwe ili kuwazuia wadudu, zinatosha. Hakuna chombo chochote hapo kinachohitaji mkopo.

Sasa nije kwenye pingamizi zito kuliko zote, na ni haki litoke Bomet. Septemba 2011, huko Longisa, mahindi yalianza kukauka kuanzia majani ya ndani, masuke yakawa matupu, na ndani ya muda mfupi mashamba mazima yakafa. Ulikuwa ugonjwa ambao ulikuja kujulikana kwa herufi tatu, MLN, na Bomet ndipo ulipotambuliwa kwa mara ya kwanza Kenya kabla ya kuenea Narok, Naivasha na nchi jirani. Husababishwa na virusi viwili vinavyokutana katika mmea mmoja, na angalau kimoja kati ya hivyo kinaweza kusafiri ndani ya mbegu. Wataalamu waliwaambia wakulima wasihifadhi mbegu kutoka mashamba yaliyougua, na walikuwa sahihi. Basi mtu atauliza: baada ya hayo, kuna anayethubutu kuhubiri mbegu ya nyumbani Bomet?

Nathubutu, kwa sababu tukio lile lina mafunzo mawili na tumezoea kutaja moja. Mbegu ya mahindi kutoka shamba lililougua ni hatari. Hilo ni la kweli. La pili ni kwamba karibu aina zote za mahindi zilizokuwa zikiuzwa madukani, zenye muhuri na cheti, zilishindwa na ugonjwa ule, na ilibidi taasisi za utafiti za KARI na CIMMYT zifungue kituo maalumu cha majaribio Naivasha mwaka 2013 ili kusaka mahindi yenye uvumilivu. Cheti kilithibitisha usafi wa mbegu, hakikuthibitisha ustahimilivu wake. Ushauri uliotolewa kwa Bomet ulikuwa kuacha mahindi kwa msimu na kupanda mazao mengine: viazi vitamu, maharagwe, mboga. Ushauri huo ulimfaa zaidi yule aliyekuwa na mbegu za mazao hayo nyumbani. Aliyekuwa na mahindi peke yake alirudi dukani, tena katika mwaka ambao hakuvuna cha kuuza.

Kwa hiyo sihubiri kwamba kila mbegu ihifadhiwe. Mahindi chotara yanunuliwe, kwa kuwa mimea inayotokana na mbegu ya chotara hutofautiana tabia na mavuno hushuka, na kwa kuwa mahindi huchavushwa na upepo na huhitaji masuke ya mimea mingi ili yasidhoofike. Viazi mviringo ni hatari zaidi, maana mnyauko wa bakteria hukaa ndani ya kiazi kinachoonekana kizima. Hata hapo elimu ina nafasi. Majaribio yaliyofanywa na wakulima wa nyanda za juu za Kenya pamoja na Kituo cha Kimataifa cha Viazi yalionyesha kwamba mkulima aliyetia kijiti kando ya mimea yenye afya kabla haijazeeka, akachagua mbegu kwenye hiyo peke yake, aliongeza mavuno kwa karibu theluthi moja kuliko aliyechagua vile vidogo vilivyobaki baada ya kuuza. Asemaye mkulima hawezi uteuzi asome historia ya mahindi yetu wenyewe. H611, chotara iliyotolewa Kitale mwaka 1964 na kubadilisha kilimo cha nyanda za juu, ilizaliwa kwa kukutanisha mahindi yaliyotokana na mbegu za mashamba ya Kenya na mahindi ya kienyeji kutoka Ecuador. Pande zote mbili asili yake ni wakulima waliokuwa wakichagua masuke vizazi na vizazi. Benki ya taifa ya mbegu huko Muguga, iliyoanzishwa 1988, nayo imejazwa kwa kuzunguka mashambani na kuomba.

Kwa miaka kadhaa kulikuwa na pingamizi la sheria. Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea ya 1972, kama ilivyorekebishwa 2012, iliweka adhabu ya kifungo cha hadi miaka 2 au faini ya hadi shilingi milioni 1 kwa kuuza au kubadilishana mbegu zisizosajiliwa. Wakulima 15 walikwenda mahakamani 2022, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikatangaza kwamba vifungu hivyo vinakiuka katiba. Naipokea hukumu hiyo kwa furaha isiyofichika. Wanaohofia kwamba itafungua mlango kwa matapeli wa mbegu bandia wana hofu ya haki, ila tapeli anayepaka punje rangi na kuzitia kwenye pakiti anafanya biashara ya kujifanya kampuni, na sheria za ulaghai zinamhusu. Jirani anayempa jirani kikombe cha saga anajulikana kwa jina, na ikikosa kuota ataulizwa kisimani. Tanzania ilipata njia ya kati katika sheria yake ya 2003, kwa daraja la mbegu za kuazimiwa ubora, ambapo mkulima aliyefunzwa na kukaguliwa huzalisha na kuwauzia wa eneo lake. Kaunti zetu mbili zingeweza kujifunza kutoka huko, na kutoka kwa Seed Savers Network ya Gilgil, ambayo tangu 2009 imekuwa ikiwafunza wakulima kuanzisha benki za mbegu za jamii.

Pingamizi la mwisho linanigusa zaidi, kwa kuwa halina jibu jepesi. Nani atafanya kazi hii? Mwanamke wa nchi ya chai huamka kukamua, huchuma majani, hupika, hufua. Ukimwongezea bustani na mbegu, umemwongezea mzigo. Utafiti wa Dorthe von Bülow na Anne Sørensen huko Kericho, uliochapishwa 1993, ulieleza jinsi malipo ya chai yalivyoingia kwa jina la mume huku kazi kubwa ikiwa ya mke, na jinsi baadhi ya wake walivyopunguza kazi yao kwenye chai na kuipeleka kwenye shughuli ambazo mapato yake waliyashika wenyewe. Nawaelewa. Bustani na mbegu ni mali ambayo kwa desturi iko mikononi mwa mwanamke, na hilo ni sababu ya kuipa heshima, lakini haliwi kisingizio cha mume kukaa. Kubeba samadi, kuchimba, kutengeneza ua dhidi ya kuku na mbuzi, ni kazi ya mwili mzima, na mwanamume anayengoja bonasi ana miezi mingi ya kuifanya. Nyumba isiyokubali mgawanyo huo isihubiriwe bustani. Ihubiriwe kwanza haki.

Napendekeza, basi, tuanzie mahali ambapo kila mtu tayari hufika. Kila kijiji cha chai kina kituo cha kukusanyia majani, chenye paa, mizani na kamati iliyochaguliwa. Siku moja ya Februari, baada ya lori kuondoka, kituo hicho kiwe mahali pa kubadilishana mbegu. Kila nyumba ilete chupa mbili, na kila chupa iandikwe jina la mbegu, kijiji ilikovunwa na mwezi. Wiki moja kabla, mwenye mbegu apime punje 20 kwenye kitambaa chenye maji. Zikiota chini ya 14, aandike hivyo kwenye chupa ili anayechukua apande kwa wingi zaidi. Kwa saga kipimo hicho kifanywe kwa mbegu ya msimu uliopita, si iliyovunwa mwezi huo. Ofisa wa kilimo wa wadi asimame mlangoni, akague maharagwe na kukataa yenye madoa. Vikundi vya kina mama, ambavyo tayari hukutana kila mwezi kwa ajili ya chama, vishike daftari la nani alichukua nini, naye aliyechukua kikombe kimoja arudishe viwili Februari inayofuata. Mahindi chotara na viazi mviringo visipokewe hapo kabisa, hata vikiletwa na mjumbe wa kamati.